Majina Matatu

Saa nane za usiku, chini ya hospitali,
mashuka ya wodi kumi na nne yanazunguka,
na Sirifo Suso anapiga kigari cha nguo kwa vidole viwili.
Kora yake ameiacha Harehills, nyuma ya mlango.
Unyevu wa Leeds umezilegeza nyuzi,
na jirani wa chini hugonga dari kwa ufagio.
"Kigari kinatosha," anasema. "Baba alianza na sahani."

Tunasemezana kwa Kiingereza, chake na changu,
vyote vya kuazima, na nguo ya kuazima
twajua inavyositiri.
Lakini akimfikia Danfa, mfalme wa kwanza,
anarudi kwenye lugha ya kwao moja kwa moja,
asimame tu kunifasiria akivuta pumzi.
Nami nadaka ninachodaka, nakifua upya:

Mamaye huko sokoni
aliuzwa kwa mizani
ya chumvi, naye tumboni
ana Danfa amelala.

Akazaliwa kimya tu,
halii mbele ya watu,
wakasema: si mwenzetu,
jiwe lisipewe kula.

Hapo mashine ya tatu ikamaliza, ikalia.
Danuta, msimamizi, akatuletea mablanketi ya upasuaji,
akauliza kama yule mtoto bado hajasema.
Wiki ya pili sasa anauliza.
Ana mwana wake Gdynia, mwenye miaka minne, hasemi.
Sirifo hakumjibu. Alipiga kigari.

Wakafukuzwa usiku,
chungu kichwani, na kuku,
wakenda siku kwa siku
bila mji, bila mila.

Chungu kikaja anguka,
vigae saba kutoka,
ndipo Danfa katamka:
"Hapa, mama. Tutalala."

Danuta alikaa juu ya mafurushi machafu,
jambo ambalo yeye mwenyewe amelikataza kwa bango.

Kila kigae kikawa lango, kila lango ukoo.
Akina Suso walitoka kigae cha tano,
wale walioambiwa: ninyi msilime, kumbukeni.
"Na alikufaje?" nikauliza.
Sirifo akanitazama mikono.
"Mfalme hafi mbele ya mtu aliyevaa glovu."
Kisha: "Na wewe? Nipe majina saba."

Mimi Mwajabu. Baba, Semboja.
Babu, Mhina.
Nikasimama hapo kama mtu aliyefika mtoni
akakuta daraja lina mbao tatu.

"Alifanya nini, huyo Mhina?"
Alikata mkonge Korogwe, nikasema.
Sisi hatukuachiwa kigae, tuliachiwa kipande,
kadi ya siku thelathini, alama moja kila jioni,
na siku mnyapara akiamka vibaya, hapana alama.
Shangazi anayo moja, siku ishirini na tisa.
Ile ya thelathini, babu aliisubiri mpaka anakufa.

Sirifo aliniomba nirudie jina.
Akavua kofia ya plastiki.
Akampiga Mhina kwenye kigari, kwa Kimandinka,
Mina, Mina, ulimi wake ukijikwaa,
na hata sasa sijui alimsifu kwa lipi,
ila nilisikia idadi, akiihesabu kwa vidole,
ishirini na tisa, halafu ngumi moja nzito
iliyoangusha taulo zote.

Danuta aliziokota. Hakusema kitu.

Saa kumi na mbili asubuhi, kituo cha basi, theluji ya mabaki
nyeusi kama makoko ya sufuria,
nikampigia shangazi.
Baba yake Mhina aliitwa nani?
"Nani anataka kujua? Wazungu?
Wamekukamata?"
Hapana, shangazi. Mtu wa kazini.
Akanyamaza. Nilisikia kuku wake,
na mtu akiburuta ndoo.
"Yule aliyeitwa kwa siri, au yule wa kwenye kodi?"
Basi likafika, nikaliacha lipite.
"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza nikae."